Daktari wa Jicho Moja na Safari ya Pauni 678



Ukurasa wa historia katika kijitabu hiki cha harambee kwa kawaida huwa wa mambo ya kwetu: wazee, barabara, shule. Mwaka huu tumeombwa, sisi tunaoshika vitabu vya hesabu vya chama, tuandike jambo linalohusiana na mradi tunaouchangia. Mradi wenyewe ni daftari la wagonjwa wa masikio, pua, koo na uvimbe wa uso, pamoja na nauli ya kuwafikisha kwa daktari bingwa. Baadhi yenu mmeuliza: kwa nini tuchangie daftari? Jengo linaonekana, hata mgeni akipita barabarani analiona. Daftari hukaa kabatini. Swali ni la haki, na jibu letu ni maisha ya daktari mmoja aliyefanya kazi Afrika Mashariki miaka ya 1940 hadi 1960.

Kabla ya kumfikia, tumkumbuke mwenzetu mmoja. Tulisoma naye shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Masikio yake yalitoa usaha tangu akiwa mdogo. Kwao walimwekea mafuta ya moto na pamba, basi. Darasani alikaa nyuma, akiitwa haitiki, akiulizwa anajibu lingine. Alichapwa kwa kiburi ambacho hakuwa nacho. Alipofika darasa la tano akaacha shule. Leo ni mtu mzima mwenye familia yake, anapakia kabichi na viazi siku za soko, na ukitaka kumsalimu lazima umguse bega. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Ila kwa miaka yote ile hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mtoto fulani wa Lukozi ana masikio yanayotoka usaha, tangu lini, na nani amfuatilie. Kwa kuwa hakuandikwa, hakufuatiliwa.

Sasa tumgeukie huyo daktari.

Jina lake Denis Burkitt. Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Hakuwa na cheti cha daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Alikuwa mpasuaji wa kawaida, na katika hospitali za Uganda za siku zile mpasuaji alishika kila kitu, kuanzia mguu uliovunjika hadi koo lililoziba. Lakini ugonjwa uliolifanya jina lake lijulikane duniani ulikuwa unakaa usoni mwa watoto, kwenye taya, na leo mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo mara nyingi huanzia kwa daktari wa meno au kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Ndiyo maana habari zake zinatuhusu.

Akiwa na miaka 11, katika ugomvi wa watoto, jiwe lilivunja miwani yake na akapoteza jicho moja. Alipokua alianza kusoma uhandisi kule Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, lakini alijulikana zaidi kwa jambo jingine: alikuwa akiwafunga ndege wadogo wa bustanini kwake vipete miguuni na kuchora ramani kuonyesha kila ndege anaishi wapi na mpaka wake uko wapi. Mtoto alikulia katika nyumba ambamo kuuliza "wapi?" na kuandika jibu lilikuwa jambo la kila siku.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto jeshi lilimchukua, akatumikia Kenya na Somalia miongoni mwa sehemu nyingine. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda, katika hospitali ya wilaya huko Lira.

Lira ndipo lilipotokea jambo la kwanza la kutufunza. Wanaume wengi walifika kwake kupasuliwa mabusha. Sisi tulio na ndugu kule pwani ya Tanga tunaujua ugonjwa huu, hauhitaji maelezo. Mpasuaji mwingine angepasua, akafunga, akaita anayefuata. Burkitt aliwauliza wagonjwa wake wanatoka kijiji gani, akaandika. Baada ya muda akagundua kwamba wengi wao walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi ugonjwa karibu haupo. Wilaya ni moja, lakini ugonjwa una mpaka. Matokeo aliyachapisha mwaka 1951. Leo tunajua kwamba mabusha ya namna hiyo huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, kwa hiyo mpaka ule wa ugonjwa ulitokana na mbu. Wakati ule yeye alikuwa na orodha ya vijiji tu.

Kufikia hapo alikuwa amekwisha kuhamia Kampala, katika hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini kumwangalia mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa na uvimbe pande zote nne za taya, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea. Si jipu, wala si uvimbe wa kawaida wa mfupa, maana huo hauanzi pande nne kwa mara moja. Burkitt hakujua ni kitu gani na hakuwa na la kumfanyia.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, kwenye hospitali ya wilaya. Alipotazama nje dirishani akaona mama amekaa kwenye nyasi na mtoto mwenye uso ule ule. Alitoka, akamchunguza, akakuta mtoto ana uvimbe tumboni pia. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba mgonjwa mmoja anaweza kuwa ajabu, lakini wawili wanaofanana wanadai maelezo. Akarudi Mulago na kuanza kupekua majalada ya zamani. Wakajitokeza watoto wengine wengi. Kila idara ilikuwa imewaona kwa jina lake: hapa saratani ya taya, pale saratani ya figo, kule ya jicho au ya ovari. Hakuna aliyeziweka karatasi hizo juu ya meza moja. Alipoziweka, akaona ni ugonjwa mmoja, na mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza juu yake. Ndio unaoitwa hadi leo limfoma ya Burkitt.

Hapa sisi wahasibu tunatabasamu kidogo. Mtu akipeleka risiti moja moja kwa watu watano, kila mmoja ataona matumizi madogo. Ukizikusanya kwenye leja moja ndipo unapoona kinachoendelea.

Na kumbukumbu hazikuanza naye. Kule Mengo, hospitali iliyofunguliwa Kampala mwaka 1897, daktari Albert Cook alikuwa na tabia ya kuandika habari za kila mgonjwa na hata kuchora alichokiona. Majalada yale yalipofunguliwa miaka zaidi ya hamsini baadaye, walikutwa humo watoto wenye uvimbe wa taya wa aina ile ile. Cook hakujua jina la ugonjwa, lakini aliandika alichokiona. Bila kalamu yake, watu wangeweza kusema ugonjwa huu ni mpya, umeletwa na mambo ya kisasa. Daftari likasema hapana, ulikuwepo.

Swali la pili la Burkitt lilikuwa lile la baba yake: wapi? Je, watoto hawa wapo Uganda tu, au kila mahali Afrika? Ruzuku yake ya kwanza ya utafiti ilikuwa pauni 25. Alizitumia kutengeneza karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzipeleka kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiuliza jambo moja: je, mmewahi kuona uvimbe huu hapo kwenu? Waliomjibu hawakuwa maprofesa. Walikuwa madaktari na wauguzi wa sehemu kama zetu, mwisho wa barabara, wenye wodi mbili na taa ya chemli. Kila jibu alilitia alama kwenye ramani ya Afrika aliyoitundika ukutani.

Alama zikaanza kujipanga. Zikatanda kama mkanda katikati ya Afrika, kusini na kaskazini mwa ikweta, halafu zikateremka kama mkia kuelekea kusini kupitia Msumbiji. Kwa nini mkia ushuke upande wa mashariki tu? Kwa nini mkanda uwe na matundu katikati? Majibu ya barua hayakutosha kueleza. Ilibidi aende akaone.

Tarehe za mwanzo za Oktoba 1961, wakati sisi Tanganyika tukihesabu wiki kabla ya Uhuru, Burkitt aliondoka Kampala na wenzake wawili, wote madaktari wa misheni: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, West Nile, aliyejua pia kutengeneza gari, na Cliff Nelson kutoka Kanada. Gari lao lilikuwa Ford kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Walikwenda kupitia Tanganyika na nchi za kusini mwetu hadi Afrika Kusini na kurudi, kwa muda wa wiki kumi, maili zipatazo 10,000, wakapita katika hospitali zaidi ya hamsini. Katika kila hospitali walifungua picha zao mezani na kuuliza: mmewaona watoto hawa? Wanatoka vijiji gani? Safari nzima iligharimu pauni 678.

Tunaomba mkisoma msikipite kiasi hicho haraka. Pauni ya mwaka 1961 si ya leo, na hatutaki kuwadanganya kwa kuilinganisha moja kwa moja na shilingi yetu. Lakini hata kwa wakati ule hizo zilikuwa fedha ndogo mno kwa utafiti. Wengi wameieleza safari ile kuwa miongoni mwa tafiti za saratani zilizogharimu kidogo na kuzaa mengi. Waliipata thamani hiyo kwa sababu walijua swali lao ni nini kabla ya kuwasha gari, na kila walichojibiwa walikiandika siku ile ile.

Je, waliona nini? Karibu na ikweta, mtoto anayeishi juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, haupati ugonjwa huu. Kadiri walivyoteremka kusini, mstari huo ulishuka: kule Rhodesia ya zamani ilikuwa kama futi 3,000, na mwisho wa mkia ugonjwa ukabaki kwenye nchi tambarare ya pwani tu. Mwanzoni walidhani kinachozuia ni kimo. Kisha wakatambua kuwa kimo ni njia nyingine ya kusema baridi. Mahali ambapo joto la msimu wa baridi hushuka chini ya nyuzi 16 hivi, au mvua ya mwaka haifiki milimita 500, ugonjwa hauonekani. Matundu kwenye ramani yalikuwa milima na sehemu kavu.

Ndugu zetu, Lushoto mjini kuna mita zipatazo 1,400. Ukipanda kwenda Magamba, ukaingia msituni, ukatokea kwetu Lukozi, umekwisha kuvuka mstari wa Burkitt. Ukungu unaotufanya tuvae makoti mwezi wa saba ndio huo huo uliowakinga watoto wetu. Lakini teremka Mombo, nenda Korogwe, Muheza, Tanga, uko ndani ya mkanda. Milima yetu ya Usambara ni moja ya yale matundu ya ramani, na bonde lililo miguuni mwake ni nchi nyingine.

Aliyemfungua macho Burkitt kuhusu maana ya ramani ile alikuwa Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki kule Entebbe. Haddow alikuwa mtaalamu wa mbu. Alipoona mipaka ya joto na mvua alisema inafanana na mipaka ya magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Mawazo yakaelekea kwenye malaria, ambayo nayo haipendi baridi. Kwetu Usambara hilo si geni. Miaka ile ile taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki ilikuwa Amani, Usambara ya Mashariki, na wazee wetu walijua bila darubini kwamba anayeshuka bondeni kulima hurudi na homa.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa linaendelea Uingereza. Mwezi Machi 1961, kabla ya safari, Burkitt alikuwa amekwenda likizo na kutoa mhadhara katika hospitali moja ya London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoweza kuleta saratani kwa binadamu. Wakakubaliana Burkitt atume vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alivichunguza asipate kitu. Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kichupa kilipofika maabara jioni, maji yake yalikuwa na ukungu nayo, na kwa kawaida kingetupwa kwa kudhaniwa kimeoza. Epstein alikiangalia kwanza kwa hadubini, akakuta seli hai zikielea. Kutokana na seli hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walifaulu mwaka 1964 kuonyesha kirusi ambacho hakijawahi kuonekana. Kinaitwa kirusi cha Epstein na Barr. Kilikuwa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na miaka michache baadaye kikahusishwa pia na saratani inayoota nyuma ya pua, ambayo ni kazi ya madaktari wa masikio, pua na koo kila siku.

Kirusi hiki karibu kila mtu duniani anacho, na wengi hakiwadhuru. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba mtoto anayekipata mapema, kisha akapigwa na malaria mara kwa mara katika miaka yake ya kwanza, kinga yake huyumba, na ndipo uvimbe unapopata nafasi.

Na matibabu? Hapa ndipo Burkitt alipoonyesha heshima kubwa zaidi ya kazi yake. Alikuwa mpasuaji, na kisu ndicho kilichompa jina. Lakini aliona kwamba kukata taya la mtoto kunamharibu uso na hakumponyi, kwa sababu uvimbe uko na mahali pengine mwilini. Akaweka kisu chini. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Madaktari wa saratani wa Marekani walipofika na habari za dawa mpya, naye akapata dawa hizo, alizijaribu kwa dozi chache. Methotreksati ilikuwa ya kwanza, kisha siklofosfamidi. Uvimbe uliofunika uso ulianza kuyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Nairobi nako Peter Clifford, daktari mpasuaji wa masikio, pua na koo katika hospitali inayoitwa sasa Kenyatta, alikuwa anawatibu watoto hawa kwa dawa na kupeleka sampuli kwa mtafiti George Klein kule Stockholm. Hii ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake, na iliponyeshwa hapa Afrika Mashariki.

Turudi kwenye daftari. Yule Ted Williams, fundi wa gari la safari, alirudi Kuluva na kuendelea kuandika: jina la mtoto, kijiji, tarehe uvimbe ulipoanza. Hospitali yake ilikuwa ndogo, ya misheni, mbali na Kampala. Mwaka 1969 daftari lake lilitumika kuonyesha kwamba wagonjwa wa West Nile walijitokeza kwa mafungu, wakikaribiana kwa mahali na kwa wakati, jambo lililotia nguvu wazo la kuwa kuna maambukizo. Kwa sababu kumbukumbu nzuri zilikuwepo, wanasayansi wa kimataifa waliichagua West Nile kwa utafiti mkubwa ulioanza miaka ya 1970, ambamo watoto wapatao 42,000 walitolewa damu ili kufuatilia kirusi kile kabla ugonjwa haujaanza. Hapa Tanzania, kati ya 1977 na 1982, watoto wa bonde la Mara Kaskazini waligawiwa vidonge vya klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe. Uvimbe ulipungua, ingawa watafiti wenyewe walisema kwa uaminifu kwamba ulikuwa umeanza kupungua kabla ya vidonge. Waliweza kuusema ukweli huo kwa sababu walikuwa na daftari la miaka ya nyuma.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Uingereza alianza kazi nyingine kwa njia ile ile ya barua na maswali. Aliuliza hospitali za Afrika zinaona wagonjwa wangapi wa saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na bawasiri, akakuta ni wachache kuliko Ulaya. Akawahubiria Wazungu kula nafaka isiyokobolewa, maharage, matunda na mboga. Si yote aliyoyasema kuhusu chakula yaliyothibitishwa, lakini neno lake juu ya nyuzinyuzi limebaki. Tunacheka tukikumbuka kwamba mtaalamu wa London alizunguka dunia kuwashauri watu wale kile ambacho malori yanapakia soko la Lukozi kila wiki, huku vijana wetu mijini wakijifunza kula chipsi na soda. Alifariki mwezi Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Tumemaliza historia, turudi kwenye swali lenu: kwa nini daftari?

Kwanza, kwa sababu kimo hakitulindi tena kama zamani. Nusu ya ukoo wa kila mmoja wetu iko bondeni na pwani. Watoto wa ndugu zetu wanakulia Tanga na Dar es Salaam, wanakuja likizo kwa babu na bibi, na uvimbe ukianza unaweza kuonekana kwanza hapa. Bibi akidhani ni jino, mwezi mmoja umepita. Limfoma ya Burkitt hukua haraka sana, mwezi mmoja ni mwingi. Mtoto akifika mapema hospitali yenye madaktari wa saratani za watoto, kama Muhimbili, Bugando au KCMC, dawa zipo na wengi hupona.

Pili, kwa sababu mengi ya masikio, pua na koo si saratani, lakini yana tabia ile ile ya kuwahi au kuchelewa. Sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili, mtoto asiyegeuka akiitwa, pua iliyoziba upande mmoja kwa muda mrefu na kutoa damu, sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, tezi la shingo lisilorudi, jino la mtoto linalolegea huku taya likivimba: hayo ndiyo mambo sita tunayotaka yaandikwe. Jina, kijiji, tarehe lilipoanza, nani amepewa jukumu la kumfuatilia, na alifika wapi. Hivyo tu. Mhudumu wa zahanati anayaandika kwa dakika tano. Wazazi na walimu watapewa orodha hiyo hiyo kwenye karatasi moja, kama zile alizotuma Burkitt.

Tatu, kwa sababu daktari bingwa hawezi kuletwa kwa wagonjwa tusiowajua. Tukimwomba aje Lushoto au apande hadi kwetu kwa siku mbili, swali lake la kwanza litakuwa: mna wagonjwa wangapi, wa nini, wa umri gani? Tukijibu "wengi", hatakuja. Tukifungua daftari, atakuja na vifaa vinavyohitajika.

Fedha tunazoomba ni za mambo manne: madaftari na karatasi, posho ndogo ya mafunzo ya wahudumu, mfuko wa nauli kwa mgonjwa na mzazi mmoja, na gharama za siku za daktari bingwa. Bajeti iko ukurasa wa mwisho, kila kifungu na kiasi chake. Kila mchango utaandikiwa stakabadhi, na taarifa ya matumizi itasomwa mbele yenu mkutano wa mwaka ujao, shilingi kwa shilingi. Majina ya wagonjwa hatutayasoma, hayo ni siri yao na mhudumu wao. Idadi yao tutaisoma.

Kuna watakaosema hiki ni kidogo, chama chetu kinastahili kujenga. Tutajenga, Mungu akitujalia. Lakini Burkitt alianza na pauni 25 za stempu na karatasi, na waliomjibu walikuwa watu wa hospitali za mbali waliokuwa wameandika walichokiona.

Yule mwenzetu wa darasa la tano tulimweleza mradi huu tulipopanda mwezi wa Desemba. Ilibidi tumwandikie kwenye karatasi. Alisoma taratibu, akaikunja, akatoa mfukoni noti ya shilingi elfu tano ya mauzo ya siku ile. Ndiyo stakabadhi namba moja ya harambee hii. Namba mbili inawasubiri ninyi.